Kifaa kikinyamaza: kutafuta chanzo cha taimauti za SNMP kwenye mtandao wa matawi

`Timeout: No Response from 10.20.5.2`

Ujumbe huu hausemi kwamba kifaa kimekufa. Unasema jambo moja tu: seva ya ufuatiliaji iliuliza kwa SNMP (itifaki ya kuulizia vifaa vya mtandao hali zao), ikasubiri, na muda wake ukaisha kabla jibu halijafika. Huenda swali lilipotea njiani. Huenda lilifika, kifaa kikalitupa bila kusema neno. Huenda jibu lilitoka likapotea wakati wa kurudi. Au jibu lilifika salama, sekunde moja baada ya seva kukata tamaa. Hayo ni magonjwa manne, na dawa ya moja haitibu jingine. Kwa hiyo usikimbilie kuongeza muda wa kusubiri kutoka sekunde 1 hadi 10 kabla ya kuchunguza. Hatua hiyo inasaidia ugonjwa wa nne peke yake, na kwa mengine matatu inaichosha seva bure.

Mwongozo huu ni wa fundi anayesimamia vifaa vilivyotawanyika: SACCO yenye ofisi Kampala, Mbarara, Arua na Kalangala, hospitali yenye vituo vidogo wilayani, au mtandao wa minara vilimani. Anatumia Zabbix, LibreNMS, Cacti au programu nyingine inayouliza vifaa kwa SNMP. Amri zote hapa ni za Linux yenye zana za Net-SNMP.

Shika jambo moja la msingi. SNMP kwa kawaida husafiri kwa UDP, poti 161, na UDP haina risiti. Pakiti ikipotea, hakuna anayeijulisha seva. Seva yenyewe ndiyo huhesabu sekunde, kisha huuliza tena. Amri ya `snmpget` usipoipa maelekezo husubiri sekunde 1 na kurudia mara 5, yaani hujaribu mara 6 na kutangaza kushindwa baada ya sekunde 6 hivi.

Tazama umbo la ukimya kwanza

Fungua grafu za saa 24 zilizopita kabla ya kuandika amri yoyote. Ni kifaa kimoja kilichonyamaza au ni vingi? Kama ni vingi, vinashirikiana nini: mnara, laini, aina ya kifaa, toleo la programu ya ndani, au seva inayoviuliza? Na vinanyamaza saa ngapi?

Saa hufichua mengi. Mapengo ya siku za kazi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi jioni, ni dalili ya laini iliyojaa. Mapengo yanayokuja na mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kwenye tawi la setilaiti au redio za juu ya GHz 10, ni mvua inayonyonya mawimbi. Redio za GHz 5 hazidhuriwi sana na mvua yenyewe. Zikikatika wakati wa mvua, shuku maji yaliyoingia kwenye kiunganishi cha kebo nje, au umeme wa eneo hilo. Pengo linalotokea kila saa kamili, kwenye vifaa vingi visivyohusiana, kwa kawaida liko kwenye seva yako mwenyewe: kuna kazi iliyopangwa, kama kunakili hifadhidata, inayokula diski na prosesa wakati huo.

Hapa pana mtego wa saa, na umeshapoteza siku nzima za mafundi wengi. Seva nyingi huandika logi kwa UTC, na Kampala iko saa 3 mbele. Meneja wa tawi akipiga simu kusema mtandao ulikatika "saa tatu asubuhi", anamaanisha 09:00 ya Kampala, ambayo kwenye logi ya UTC ni 06:00. Ukitafuta 03:00 hutaona kitu na utadhani anabuni. Weka seva kwenye `Africa/Kampala` na uwashe NTP (huduma ya kulinganisha saa kwa mtandao) kila mahali, hata kwenye swichi ndogo.

Kifaa kikijibu, kitu cha kwanza kusoma ni sysUpTime, muda tangu kiwake. Kama kilinyamaza dakika 7 na sasa kinasema kimewaka dakika 3, huna shida ya SNMP. Kwa kawaida maana yake kilizima. Mpigie mlinzi wa eneo aangalie kama umeme umerudi, kama tokeni za Yaka (umeme wa kulipia kabla) zimeisha, na kama UPS ina betri au ni sanduku tupu linalopiga kelele. Angalizo: sysUpTime huhesabu mia za sekunde kwa namba ya biti 32, hivyo hurudi sifuri baada ya siku 497 hata kama kifaa hakikuzimwa. Ruta iliyokaa muda wote huo bila kuguswa itaonekana imejiwasha upya, kumbe kaunta ndiyo iliyozunguka.

Uliza kwa mkono, kutoka seva ileile

Kosa la kawaida ni kujaribu kutoka kompyuta yako ya ofisini. Anwani yako si ya seva, njia yako si yake, na ruhusa zako kwenye kifaa si zake. Ingia kwenye seva inayouliza, au proksi yake (kompyuta inayouliza kwa niaba yake) kama ipo, uendeshe hii:

`snmpget -v2c -c 'NenoLako' -t 2 -r 0 10.20.5.2 .1.3.6.1.2.1.1.3.0`

Namba ndefu ya mwisho ndiyo anwani ya sysUpTime. Alama za nukuu moja zina kazi. Neno la komyuniti, linalofanya kazi kama nywila, likiwa na `$` au `!`, sheli italibadilisha kabla halijatoka, na utatuma neno ambalo hukuandika. `-r 0` inazuia kurudia, ili uuone upotevu kama ulivyo badala ya kufichwa na majaribio ya ziada.

Swali moja halitoshi. Uliza mara 100, ukionyeshwa yaliyoshindwa tu:

`for i in $(seq 100); do snmpget -v2c -c 'NenoLako' -t 2 -r 0 10.20.5.2 .1.3.6.1.2.1.1.3.0 >/dev/null 2>&1 || echo "$i $(date +%T)"; sleep 1; done`

Yakishindwa yote 100, tafuta kizuizi: neno, ruhusa, faiwoli au njia. Yakishindwa manne matano yaliyotawanyika, pakiti zinapotea njiani. Yakishindwa kwa mafungu, tuseme kumi mfululizo kisha kimya cha dakika nzima bila kosa, ama laini inakatika na kurudi, ama prosesa ya kifaa inabanwa kwa vipindi. Na yasiposhindwa hata moja wakati Zabbix bado inalalamika, tatizo liko kwenye maswali makubwa au kwenye seva yenyewe, na tutafika huko.

Ping isikudanganye upande wowote. Kifaa kinaweza kujibu ping vizuri huku ajenti wa SNMP, programu ya ndani inayojibu maswali, amezimwa au amekwama. Na kinaweza kukataa ping kwa sababu ya faiwoli huku SNMP ikijibu bila shida. Ping inakupa vipimo viwili vya maana, ucheleweshaji na upotevu wa njia. Basi.

Sikiliza waya

Hii ndiyo hatua inayomaliza ubishi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Fungua dirisha la pili kwenye seva, uendeshe tcpdump, zana ya kunasa pakiti:

`tcpdump -ni eth0 host 10.20.5.2 and udp port 161`

Uliza tena kwa `snmpget` na uangalie. Usipoona hata swali likitoka, seva inatuma kupitia intafesi nyingine au faiwoli yake inazuia. `ip route get 10.20.5.2` itakuonyesha njia. Ukiona swali likitoka na jibu likirudi, huku `snmpget` bado inasema taimauti, faiwoli ya seva inalitupa jibu, kwa sababu tcpdump huona pakiti inayoingia kabla ya iptables, faiwoli ya Linux. Ukiona maswali yanatoka na hakuna kinachorudi, bado hujui lolote kuhusu kifaa. Unajua tu kwamba kwenye kichujio chako hakuna kitu.

Neno hilo, kichujio, lina mitego miwili. Kwanza, ruta yenye anwani kadhaa inaweza kupokea swali kwenye 10.20.5.2 na kujibu kwa anwani ya poti nyingine, tuseme 172.16.9.1. Kichujio cha `host 10.20.5.2` hakitaonyesha jibu hilo, nawe utaapa kwamba ruta imenyamaza. Ondoa `host`, acha `udp port 161`, jaribu tena. Jibu la anwani tofauti hutupwa na faiwoli yoyote inayokumbuka mazungumzo, na baadhi ya programu hulikataa zenyewe. Dawa ni kuuliza anwani ileile ambayo kifaa hujibu nayo, au kukielekeza kijibu kwa anwani moja. Kwenye MikroTik ni `/snmp set src-address=10.20.5.2`.

Pili, jibu kubwa likigawanywa vipande, ni kipande cha kwanza tu kilicho na namba ya poti. Vingine havionekani kwenye `udp port 161`. Kuviona tumia:

`tcpdump -ni eth0 'host 10.20.5.2 and ip[6:2] & 0x3fff != 0'`

Ukiweza, sikiliza pia upande wa pili, kwenye ruta ya tawi au kompyuta iliyo karibu na kifaa. Swali likionekana Kampala lakini lisionekane Arua, usiguse mipangilio ya SNMP. Fuata njia.

Swali linafika, kifaa hakijibu

Toleo la 1 na la 2c yana tabia moja inayochosha: neno la komyuniti likikosewa, kifaa hakisemi "umekosea". Hutupa swali na kukaa kimya. Ndiyo maana kosa la herufi moja hufanana kabisa na kebo iliyokatwa na tingatinga barabarani. Linganisha neno herufi kwa herufi. Tafuta hasa nafasi tupu iliyoingia mwishoni wakati wa kunakili kutoka WhatsApp au Excel, na ukumbuke kwamba herufi kubwa na ndogo ni tofauti.

Kwenye Cisco endesha `show snmp` mara mbili, kabla na baada ya kuuliza. Kaunta ya `Unknown community name` ikipanda, swali lilifika na neno ni baya. Kaunta ya pakiti zilizoingia isiposogea kabisa, swali halikufika. Hakuna ushahidi mwepesi kuliko huo, na hauhitaji tcpdump. Kwenye MikroTik tazama `/snmp print` kuona kama `enabled` ni `yes`, kisha `/snmp community print`, sehemu ya `addresses`. Hapo ndipo anwani ya seva ya zamani hubaki miaka baada ya seva kuhamishwa. Tazama pia kanuni za mnyororo wa `input`: kanuni ya kukataa kila kitu ikitangulia ile ya kuruhusu UDP 161, ya pili haifanyi kazi kamwe.

Orodha ya ruhusa ni mshukiwa mkuu wakati vifaa vyote vimenyamaza siku moja. Seva ilibadilishiwa anwani, au njia mpya imeweka NAT (kubadilisha anwani njiani) katikati, na vifaa sasa vinaona maswali yakitoka kwa mgeni.

Toleo la 3 lina maneno zaidi. Jina la mtumiaji likikosewa utaambiwa `Unknown user name`, na nywila ya uthibitisho ikikosewa, `Authentication failure`. Lakini nywila ya usimbaji ikikosewa, vifaa vingi hushindwa kulifungua swali na kunyamaza, hivyo unarudi kwenye taimauti. Jaribu kwanza kwa `-l authNoPriv`, kama kifaa kinakuruhusu. Ikijibu, kosa liko kwenye usimbaji: nywila yake, au umechagua AES wakati kifaa kimewekwa DES.

Kuna ugonjwa mmoja wa toleo la 3 unaostahili aya yake. Kila kifaa kina kitambulisho kinachoitwa engineID, na seva hukumbuka saa ya kila engineID. Tofauti ikizidi sekunde 150, ujumbe hukataliwa kuwa umepitwa na wakati. Sasa fikiria mashine kumi zilizotengenezwa kwa kunakili picha moja ya diski, zote zikiwa na engineID moja. Seva ikiuliza ya Gulu inashika saa ya Gulu. Ikiuliza ya Lira inaona kitambulisho kilekile chenye saa tofauti. Matokeo ni vifaa vinavyojibu na kunyamaza kwa zamu, na kila kimoja ukikijaribu peke yake kwa mkono kinafanya kazi vizuri. Linganisha engineID zote. Zikifanana, zitengeneze upya, kisha weka upya nywila za watumiaji, kwa sababu funguo hutokana na engineID.

Maswali madogo yanajibiwa, makubwa hayajibiwi

`snmpget` inafaulu mara 100 kwa 100. `snmpbulkwalk`, inayosoma jedwali kwa mikupuo ya safu nyingi, inaanza vizuri, inaorodhesha poti kadhaa, kisha inakwama palepale kila mara. Hiyo ni sura ya pakiti iliyozidi ukubwa wa njia.

Jibu linalozidi baiti 1500 hukatwa vipande, na faiwoli nyingi na baadhi ya njia za VPN hutupa vipande. Kikikosekana kipande kimoja, jibu zima linakwenda na maji. Ukiomba safu 50 za ifAlias kwa mkupuo, na kila poti imeandikwa maelezo ya herufi 40, umeshavuka kikomo. Zabbix nayo, ukiruhusu maombi ya pamoja, huweza kufungasha hadi vitu 128 kwenye swali moja.

Pima njia hivi:

`ping -M do -s 1472 10.20.5.2`

1472 pamoja na baiti 28 za vichwa ni 1500. Ikikataa, jaribu 1464, inayopita kwenye PPPoE ya 1492, kisha 1392, inayopita kwenye WireGuard ya 1420. Ukubwa wa mwisho unaopita ndio ukweli wa njia yako. Halafu punguza mkupuo:

`snmpbulkwalk -v2c -c 'NenoLako' -Cr5 10.20.5.2 .1.3.6.1.2.1.31.1.1`

Ikipita kwa `-Cr5` na kukwama kwa `-Cr50`, umepata jibu. Kwenye LibreNMS punguza max repeaters ya kifaa hicho; kwenye Zabbix ondoa alama ya maombi ya pamoja au ushushe max repetitions kwenye intafesi ya kifaa. Vifaa vingine vya bei nafuu, hasa kadi za UPS na redio za zamani, hushindwa mikupuo mikubwa hata kwenye njia safi kwa sababu ajenti wao ana kumbukumbu ndogo. Dawa ni ileile.

Jibu linakuja, ila limechelewa

Hesabu ya setilaiti ifanywe kwa karatasi, kwa sababu ndiyo inayoeleza mapengo mengi ya matawi ya mbali. Setilaiti ya obiti ya kudumu iko km 35,786 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi kwa mwanga peke yake ni karibu nusu sekunde, na ukiongeza mitambo ya njiani ping hukaa karibu milisekunde 600.

Tuseme ruta ya Kaabong ina vitu 500 vya kusoma. Kwa `snmpwalk` ya kawaida kila kitu ni safari moja: 500 × 0.6 ni sekunde 300. Dakika tano kamili, yaani mzunguko mzima wa LibreNMS au Cacti, hata kama hakuna pakiti iliyopotea. Kwa mikupuo ya 10 safari ni 50, sekunde 30. Kwa mikupuo ya 25 ni safari 20, sekunde 12. Kwa laini hiyo, `snmpwalk` ya toleo la 1 haina nafasi. Kama kifaa hakijui toleo la 2c, soma vitu vichache unavyovihitaji kweli badala ya jedwali zima.

Ping ikiwa ndogo na SNMP ikiwa polepole, mchelewaji ni kifaa. Kwenye Cisco tazama `show processes cpu sorted` na utafute `SNMP ENGINE`. Kwenye MikroTik ni `/tool profile`. Ajenti wa SNMP hupewa kipaumbele cha chini, na ndivyo inavyopaswa: kazi ya ruta ni kupitisha pakiti za wateja, kukujibu wewe ni baadaye. Jedwali la njia ndilo muuaji. Ruta iliyobeba njia laki kadhaa za BGP (itifaki ya kubadilishana njia za intaneti) ikiulizwa `.1.3.6.1.2.1.4.21` inaweza kubanwa kwa dakika nyingi, na wakati huo maswali mengine yote yanapitwa na muda. Mara nyingi hakuna aliyekusudia kuliuliza. Kiolezo kilichopakuliwa ndicho kilichoamua. Lizuie kwenye kifaa:

`snmp-server view PUNGUZA iso included`
`snmp-server view PUNGUZA 1.3.6.1.2.1.4.21 excluded`
`snmp-server view PUNGUZA 1.3.6.1.2.1.4.22 excluded`
`snmp-server community NenoLako view PUNGUZA RO 10`

Mstari wa 4.21 unazuia jedwali la njia, wa 4.22 jedwali la ARP. Namba 10 hapo ni orodha ya ruhusa inayotaja anwani ya seva yako. Ikiwa mna mifumo miwili ya ufuatiliaji inayouliza ruta moja, na hilo hutokea sana pale mfumo mpya ulipowekwa na wa zamani haukuzimwa, zima mmoja kabla ya kulaumu ruta.

Pakiti zinapotea: rudia, usisubiri

Laini ikipoteza 5% kila upande, swali lililokamilika hufaulu 90.25% ya mara, hushindwa karibu 9.8%. Ukiruhusu jaribio moja la ziada, kila swali lina hatari ya karibu 1%. Inaonekana ndogo, lakini usomaji wa safari 500 utakwama mahali fulani karibu kila mzunguko. Ukiruhusu majaribio matatu ya ziada, hatari ya swali moja inashuka hadi 0.009%, na usomaji mzima unakwama chini ya mara 5 kwa 100. Muda wa kusubiri haukubadilika hata kidogo. Pakiti iliyopotea haitarudi hata ukiisubiri hadi jioni.

Majaribio ya ziada ni bandeji, jeraha liko kwenye laini. Angalia makosa ya CRC (pakiti zilizoharibika) kwenye poti, nguvu ya mawimbi, na kama laini imejaa. Kama imejaa na huwezi kuipanua, ipe UDP 161 ya seva yako nafasi ndogo ya uhakika kwenye foleni. Maswali ya ufuatiliaji ni mepesi, na ni wakati wa msongamano ndipo unapoyahitaji zaidi.

Seva nayo ichunguzwe

Umeme ukikatika Masaka, kwa nini grafu za Gulu zinakatika? Kwa sababu ya foleni. Chukua programu yenye michakato 5 ya kuuliza, muda wa kusubiri sekunde 5, majaribio ya ziada 3. Kila kifaa kilichozimika kinaushika mchakato sekunde 20. Vifaa 40 vikizimika pamoja, 40 × 20 ÷ 5 ni sekunde 160 za kusubiri wafu, huku wazima wakipanga mstari. Hapo ndipo unapoona gharama ya kuongeza muda kiholela.

Zabbix hujilinda kwa kuwahamishia wasiojibu kwa michakato ya pembeni. Logi yake huandika `first network error, wait for 15 seconds`, kisha kukiweka kifaa kando. Lakini michakato hiyo ya pembeni, `StartPollersUnreachable`, huja ikiwa 1 tu, na `StartPollers` ikiwa 5. Kwa mamia ya vifaa ongeza zote mbili, ukiangalia grafu ya shughuli za michakato; ikikaa juu ya 75% muda mwingi, haitoshi. Cacti ikiandika `Maximum runtime of 298 seconds exceeded`, imeshindwa kumaliza mzunguko. Tumia spine, kiulizaji chake cha kasi, na ongeza nyuzi zake.

Kisha kerneli. `nstat -az UdpRcvbufErrors` ikipanda wakati wa mzunguko, majibu yalifika mlangoni yakakosa pa kukaa; ongeza `net.core.rmem_max` na `net.core.rmem_default`. `dmesg` ikisema `nf_conntrack: table full, dropping packet`, ongeza kikomo, au ondoa ufuatiliaji wa mazungumzo kwa UDP 161. Ikisema `neighbor table overflow`, una vifaa vingi mno kwenye mtandao mmoja wa L2 kuliko `gc_thresh3` ya 1024 inavyoruhusu.

Thamani za kuanzia

Kwa faiba ya mjini na mikoani: sekunde 1 au 2, majaribio ya ziada 2. Kwa redio zenye vituo kadhaa vya kupokezana: sekunde 2, majaribio 3. Kwa setilaiti: sekunde 4 au 5, majaribio 2, mikupuo ya 20 hivi ikiwa njia inaipokea. Weka kwa kifaa au kundi, si kwa mfumo mzima, ili ruta ya Kaabong isiamue jinsi unavyoisubiri swichi iliyo chumba cha pili. Zidisha muda kwa majaribio yote, la kwanza likiwemo. Jumla lazima iwe ndogo sana kuliko mzunguko.

Ukiwa na matawi mengi ya mbali, weka proksi. Kompyuta ndogo Mbarara inauliza vifaa vya magharibi kwa ping ya milisekunde chache, inahifadhi matokeo, na kuyapeleka Kampala kwa TCP, poti 10051 kwa Zabbix. Laini ikikatika, data haipotei mradi `ProxyOfflineBuffer` inatosha; huja ikiwa saa 1, na kwa laini zetu weka 24. Iwe kwenye betri ileile inayolisha ruta, siyo kwenye soketi ya ukutani.

Ukishatengeneza, endesha tena ule mzunguko wa maswali 100, na uufanye katika hali ileile iliyoleta tatizo. Lililokuwa la saa tatu asubuhi lijaribiwe saa tatu asubuhi ya siku ya kazi. La mvua lingoje mvua. Halafu rudisha `-r` na muda ulivyokuwa kabla ya uchunguzi, futa komyuniti ya majaribio uliyoifungua kwa kila anwani, na uandike kwenye maelezo ya kifaa ukubwa wa pakiti uliopita na mkupuo uliochagua, kwa ajili ya fundi wa zamu ya usiku.